Dokta, huyu Ridgeback wetu anatumaliza!

Tangu tuweke picha ya Ridgeback (mbwa yule jina lake kamili Rhodesian Ridgeback) kwenye jalada la toleo lililopita meseji zimemiminika balaa, nyingi za Goba, Madale, Kigamboni na huko Bunju ambako watu wamemaliza kujenga sasa wanataka mbwa mkubwa wa getini. Nimechukua chache, zilizofanana nimeziunganisha. Wale mliouliza bei tu mtanisamehe, mi sio dalali.

SWALI: Shikamoo dokta. Nipo Madale, nina Ridgeback dume wa miezi 11 anaitwa Simba (mi ni Yanga, jina kampa mwanangu). Kuanzia saa 12 asubuhi tunamfungia bandani maana wageni wanamuogopa, saa 4 usiku tunamfungulia alinde. Dokta huyu mbwa ana shetani. Kafukua bustani yote ya mke wangu, katafuna mpira wa maji, kala kiatu cha mlinzi, na juzi karuka ukuta kaingia kwa jirani kaua kuku, sasa jirani anataka hela yake la sivyo tuonane serikali ya mtaa. Mlinzi anasema tumchape mpaka akome, shemeji anasema nimhasi. Nifanye nini?
Baba Simba, Madale

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza kalipe kuku wa watu, leo hii, usisubiri barua ya mjumbe.

Haya sasa. Toka saa 12 asubuhi mpaka saa 4 usiku ni masaa 16, na ni kila siku, mbwa kijana kalala juu ya saruji anaangalia ukuta. Ukimfungulia unategemea atakaa getini ametulia kama askari? Hana shetani huyo, ana nguvu tu ambazo hazina pa kwenda. Mbwa huyu katengenezwa kwa kazi, na kazi yenyewe haikuwa ya kitoto. Asili yake ni kusini mwa Afrika, Wakhoikhoi walikuwa na mbwa wenye nywele za mgongoni zinazoelekea mbele badala ya nyuma (ndo ule mstari wake), wazungu walowezi wakaja na mbwa wao wakubwa wa kuwindia wakachanganya. Miaka ya 1870 mmisionari mmoja, Charles Helm, akapeleka mbwa wa namna hiyo kwenye misheni ya Hope Fountain karibu na Bulawayo, na mwindaji Cornelius van Rooyen akawapandisha na mbwa wake mpaka akapata alichokuwa anakitaka, mbwa wa kwenda nao kwa simba. Mwaka 1922 Francis Barnes akakusanya wafugaji hapohapo Bulawayo wakaandika sifa rasmi za mbwa huyu, na jina la Rhodesia likabaki hata baada ya nchi yenyewe kuwa Zimbabwe mwaka 1980.

Watu wananiambia Ridgeback anaua simba. Hauwi simba! Hakuna mbwa wa kilo 36 anayeua simba. Kazi yao ilikuwa kumfuata kwa harufu, kumkuta, halafu kumzunguka wanabweka, wanaingia wanatoka, akigeukia huyu yule anamsumbua kwa nyuma, mpaka mwindaji afike na bunduki. Sasa fikiria akili inayotakiwa hapo, mbwa anaamua mwenyewe muda wote bila kuambiwa, ana mbio, ana pumzi, na hana papara maana mwenye papara alikuwa anakufa palepale. Huyo ndiye uliyemfungia bandani Madale, na jina mmempa Simba juu yake.

Kwa hiyo fimbo hapana. Ridgeback ana roho nyepesi kuliko anavyoonekana, ukimchapa leo kwa kosa la jana usiku yeye haunganishi kabisa, anachojifunza ni kwamba mlinzi ni mtu mbaya, na mbwa wa kilo 36 akishaamua mlinzi ni mtu mbaya utakuja kunipigia simu nyingine. Kuhasi kunasaidia dume anayezurura kufuata majike, hakuzuii kufukua wala kufukuza kuku. Tena kwa mbwa mkubwa hivi ni vizuri asubiriwe amalize kukua kwanza, kaa na daktari wako mpange.

Dawa ni kumchosha, na umchoshe kabla hajajichosha mwenyewe na bustani ya mkeo. Asubuhi saa 11 na nusu, jua halijatoka, atoke na kamba atembee lisaa. Jioni tena baada ya saa 12. Katikati hapo usithubutu, Januari na Februari joto la Dar na ule unyevu wake mbwa hawezi kujipoza, yeye hana jasho kama letu, anategemea kuhema tu. Lami yenyewe ijaribu kwa mgongo wa mkono, ukishindwa kuuacha hapo kwa sekunde 7 na yeye miguu inaungua. Ukiona anahema kupita kiasi, udende mzito, ufizi mwekundu sana, anayumba, mpeleke kivulini ummwagie maji ya bomba mwili mzima, umpepee na uwahi kwa daktari.

Na kuna hii tabia ya vijana kumfunga mbwa nyuma ya bodaboda ati akimbie. Acheni. Mbwa wa miezi 11 mifupa bado inakua, mbio ndefu za kulazimishwa subiri mpaka afike mwaka na nusu hivi. Kutembea, kucheza, kukimbia mwenyewe kwenye kiwanja chenye fensi, hizo ruksa. Ukiweza mara mojamoja mpeleke ufukweni Mbweni alfajiri maji yakiwa yamekupwa, ule mchanga mgumu ni mzuri sana kwa miguu yake, ila kamba usiitoe. Ridgeback akiona paka anakimbia masikio yanaziba, hata umuite kwa jina la baba yake.

Halafu pua, hapa ndo wengi hamjui. Chukua soksi kuukuu, weka ndani kipande cha pafu kilichokaushwa, funga fundo. Siku ya kwanza muweke akae, iweke soksi mbele yake kabisa anaona, mwambie "tafuta", akiigusa mpe pafu na umsifie. Siku zinazofuata iweke nyuma ya ndoo, halafu nyuma ya simtanki, halafu ndani ya tairi bovu, mwisho unaificha yeye akiwa bandani haoni kitu. Utamuona anavyobadilika, mkia unasimama, pua inashuka chini, anapita anarudi, anasimama anafikiria. Robo saa ya hiyo kazi inamlaza usingizi wa mchana kweupe, na haina gharama.

Ukuta nao uangalie. Ukuta wa futi 5 kwa Ridgeback kijana sio ukuta, hasa kama umeacha lile lundo la mchanga na matofali ya ujenzi limeegemea pembeni, hiyo ni ngazi umemjengea. Toa vyote. Kuku wa jirani usitegemee atakuja kuwapenda, dawa ni asiwafikie. Na mchana asifungiwe mtindo mmoja, mgeni akija mfungie, mgeni akiondoka mfungulie akae na watu. Mbwa huyu anapenda familia yake kupita maelezo, atakuja kulala juu ya miguu yako utafikiri ni paka, na asiyejua wenyeji wake ni akina nani hana cha kulinda.

SWALI: Dokta za kazi. Nilinunua papi wawili wa Ridgeback, baba na mama yao niliwaona kwa macho yangu wote wana ule mstari mgongoni. Sasa mmoja wa kwangu anao, mwingine mgongo mtupu kama mbwa koko. Muuzaji anasema utaota akikua. Nimepigwa?
Dada wa Kibada, Kigamboni

JIBU: Nzuri dada yangu. Kwenye papi hujapigwa, kwenye maneno ndo umepigwa. Mstari hauoti ukubwani, papi anazaliwa nao au hana maisha yake yote.

Ila inawezekana kabisa wazazi wote wana mstari na mtoto hana. Mstari ni urithi wenye nguvu, papi akiupata kwa mzazi mmoja tu anatoka nao. Sasa baba anaweza kuwa nao huku kabeba kimyakimya urithi wa kutokuwa nao, mama vilevile, wakikutana hao wawili kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne anatoka mgongo mtupu. Ni Ridgeback kamili, damu ileile, mbio zilezile. Hawezi kushinda maonyesho ya mbwa, lakini nadhani Kibada hamna maonyesho. Zamani huko nje baadhi ya wafugaji walikuwa wanawaua papi wa namna hiyo wakizaliwa, ukatili wa bure tu.

Tena wa kumkagua zaidi ni yule mwenye mstari. Kuna tatizo la kuzaliwa nalo kwenye mbwa hawa, kijibomba chembamba kinatoka kwenye ngozi kinaenda chini kuelekea uti wa mgongo, nywele na uchafu vinaingia humo panaoza. Mwaka 2007 wanasayansi walionyesha kwamba mabadiliko ya urithi yanayoleta mstari ndiyo yanayomweka mbwa kwenye hatari ya hilo tatizo. Mshike papi ngozi ya shingo kwa juu, ivute taratibu, pitisha vidole toka kisogoni mpaka kiunoni. Ukihisi kama uzi mgumu umeshika chini ya ngozi hautaki kuachia, mpeleke, unatolewa kwa upasuaji, na huyo usimzalishe.

SWALI: Mbwa wangu kaacha kula siku ya tatu, kalegea, jana damu imemtoka puani. Kupe anao kiasi. Kijana wa kazi anamuogesha na dawa ya ng'ombe kila Jumapili lakini hawaishi. Kuna mtu kaniambia nimpe doksi (vidonge vya doxycycline) za duka la dawa.
Tabata Segerea

JIBU: Ukisoma hapa uwe ushafika kwa daktari wa mifugo, na kama hujafika weka gazeti chini uende. Damu puani, kulegea, kukataa kula na kupe juu, hiyo inanukia homa ya kupe. Ugonjwa huu una ujanja, unaweza kuanza na homa ndogo tu ukajificha miezi mbwa anadunda, halafu ndo unarudi na damu. Wengine ufizi unakuwa mweupe, wengine mkojo unakuwa mwekundu kama chai ya rangi. Kipimo ni damu, dawa zipo na zinafanya kazi zikiwahi, lakini dozi inaenda kwa kilo na kwa ugonjwa wenyewe, sio kwa kukisia.

Dawa ya ng'ombe acha. Makali yake yamepigiwa hesabu kwa ng'ombe, kijana anakoroga kwa macho tu kwenye ndoo, mbwa anajilamba, na kama una paka ndani kuna dawa za aina hiyo zinamuua. Halafu kupe wa mbwa hawaishi kwa sababu unahangaika na mbwa unaliacha banda. Kupe huyu wa kahawia akishiba anashuka, anapanda ukutani, anajificha kwenye ufa na chini ya bati, jike moja linataga maelfu ya mayai humohumo. Kwa hiyo piga plasta nyufa, toa magunia na magodoro chakavu, pulizia mpaka kwenye paa, na mbwa mpe kinga ya kupe ya daktari kila inapoisha muda wake. Vyote kwa pamoja. Ridgeback ana nywele fupi, mpapase kila jioni mnaporudi matembezini, ndani ya masikio, katikati ya vidole, chini ya mkia, dakika chache tu zinatosha.

SWALI: Ugali na dagaa unatosha? Chakula cha dukani bei imepanda.
Mama Wawili, Goba

JIBU: Unatosha mama, kama dagaa ni wa kweli na sio vichwa vitatu vinaogelea kwenye sufuria ya dona. Changanya mapupu, utumbo, mara mojamoja maini kidogo, mboga kidogo. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika vipande vikali. Vitunguu, zabibu na chokoleti pia hapana. Na unga ulioota ukungu ambao nyie hamuwezi kula msimwagie mbwa ati asipoteze, sumukuvu inaua mbwa upesi sana.

Mgawie mara mbili kwa siku, sio bakuli moja kubwa usiku, na akishakula asikimbie mpaka chakula kishuke. Mbwa wenye kifua kirefu hivi tumbo linaweza kujaa gesi na kujinyonga. Utamuona tumbo limevimba, anajikakamua kutapika hakitoki kitu, hatulii. Hapo usingoje asubuhi hata kama ni saa 8 usiku, ni suala la masaa.

SWALI: Asalaam aleikum dokta. Mume wangu kaleta Ridgeback kwa ajili ya wezi. Mama mkwe ninaishi naye, ni mtu wa swala tano, mbwa anampitia anamlamba na nguo. Nyumba haina amani, mama anasema mbwa atoke au yeye atoke.
Mbagala

JIBU: Waaleikum salaam dada. Mambo ya fiqhi nenda kwa sheikh wenu, mi daktari wa wanyama. Ninachojua ni kwamba mbwa wa kuwinda na wa kulinda wanazungumziwa kwenye dini, Surat Al-Maida aya ya 4 inataja kabisa wanyama waliofundishwa kuwinda, kwa hiyo mazungumzo na sheikh hayataanzia sifuri. Lakini udenda na najisi ni jambo zito kwa mama, na ana haki yake. Msibishane naye.

Upande wangu ni huu: nyumba muigawe. Mbwa abaki uwanja wa nyuma, wekeni kigeti kidogo kati ya nyuma na mbele, kamba ya kuanikia nguo ihamie mbele, na njia ya mama ya kwenda kutawadha isipite kwa mbwa. Hata hivyo kuanika nguo sehemu mbwa anayokojoa sio vizuri, wale nzi ambao funza wao wanaingia kwenye ngozi, ndo maana nguo tunazipiga pasi, wanapenda udongo wa namna hiyo. Halafu mumeo, maana yeye ndo kamleta, amfundishe "kaa" na "kaa mbali". Ridgeback anaelewa haraka, tatizo lake ni kukubali, kwa hiyo vipindi viwe vifupi, dakika 5 mara kadhaa kwa siku na kipande cha nyama mkononi. Mumeo akisema hana muda, basi hana muda wa kufuga huyu mbwa, mumtafutie mtu mwenye eneo.

SWALI: Mzee wangu, mimi wa Chanika. Nina Ridgeback wawili wana mbio hatari. Nataka wikendi niwapeleke upande wa Kisarawe wakawinde paa na sungura, si ndo kazi yao?
Mwindaji mtarajiwa

JIBU: Ilikuwa kazi yao, mwanangu, wewe sasa ndo huna leseni. Kuwinda bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na huko Pugu na Kazimzumbwi ni misitu ya hifadhi. Utaharibu wikendi na utaharibu mwaka. Hao wawili wape ile michezo ya soksi niliyomuandikia Baba Simba hapo juu, wewe una eneo, fanya kubwa zaidi, buruta kipande cha ngozi ya mbuzi kwenye majani mita 100 na kona mbili tatu, mwachie mmoja kwa kamba ndefu afuate, mwingine angoje zamu.

Na mbwa wa pembezoni mwa mji kama wako chanjo ya kichaa cha mbwa isipite mwaka. Akigombana na mbwa asiyejulikana mwite daktari. Aking'atwa mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 nzima halafu hospitali siku hiyohiyo, kichaa cha mbwa kikishaanza dalili hakina tiba.

SWALI: Dokta mambo. Nipo Sinza, nimepanga chumba na sebule, natoka kazini saa 2 usiku. Jumamosi naenda kuona papi wa Ridgeback huko Bunju, niangalie nini?
Kijana wa Sinza

JIBU: Poa. Ungeniuliza kabla hujapanga Jumamosi ningekwambia chukua mbwa mdogo wa kawaida, au subiri upate kiwanja. Chumba na sebule, mtu harudi mpaka saa 2, papi wa mbwa huyu atakula kochi, na mwenye nyumba atakula kodi yako ya miezi 6. Lakini najua utaenda tu, kwa hiyo sikiliza.

Papi asiwe chini ya wiki 8. Rangi ni ya ngano, kuanzia iliyopauka mpaka nyekundu, nyeupe kidogo kifuani na vidoleni sio tatizo, ila ukiambiwa ni Ridgeback mweusi tii wa adimu, mshukuru mtu kwa ucheshi wake. Mstari unaanzia nyuma ya mabega na vizunguko viwili vya nywele vinavyotazamana, halafu unachongoka kuelekea kiunoni. Mpapase shingo kama nilivyomuelekeza dada wa Kibada. Kinyesi kiwe kigumu, macho makavu, tumbo lisiwe limejaa kama ngoma, hiyo ni minyoo. Omba kadi ya chanjo uisome mwenyewe, parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu, inamaliza papi Dar hii kila siku, na chanjo moja haitoshi, inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Mpaka hapo asishushwe mtaani.

Halafu omba kumuona mama yake. Amuite, mama aje, muangalie anavyokusogelea, akiwa na wasiwasi mkubwa au anataka kukurarua na watoto watarithi. Muuzaji akianza hadithi, mara mama yuko shamba, mara mama kasafiri Bagamoyo, mwambie asante, panda bajaji urudi zako Sinza.